Mmisionari Mhariri Aliyefika Rejaf: Maisha na Kazi ya Diedrich Westermann (1875-1956)

Kilomita chache kusini mwa mji wa Juba, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile Mweupe, kuna mahali paitwapo Rejaf, penye kilima cha mawe kinachoonekana toka mbali. Wanahistoria wa vita hupakumbuka kwa mapigano ya mwaka 1897, majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipowashinda Wamahdi. Sisi walimu wa lugha tunayo sababu nyingine ya kupakumbuka. Tarehe 9 hadi 14 Aprili 1928 ulifanyika hapo mkutano ulioamua ni lugha zipi za Sudan ya Kusini zitakazofundishwa shuleni, na kila lugha iandikwe kwa herufi gani. Mtaalamu aliyealikwa kuwashauri wajumbe alikuwa Mjerumani mmoja, mmisionari wa zamani, mhariri wa jarida jipya lililokuwa halijatimiza hata miezi sita tangu litoke. Jina lake Diedrich Westermann.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya mtu huyo kwa ufupi, na kuyapima yale aliyoyaacha. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuuliza, "Mambo ya Rejaf yananihusu nini mimi?" Jawabu ni kwamba yanamhusu sana. Mwaka huo huo wa 1928, huko Mombasa, ulifanyika mkutano wa pili uliokata shauri juu ya Kiswahili. Mikutano hiyo miwili ni kama watoto wa nyumba moja waliopelekwa kulelewa mbali mbali: mmoja alikua akawa mtu mashuhuri, mwingine maisha yake yakawa ya kuhama hama. Anayetaka kuijua historia ya mmoja hana budi amwulizie na ndugu yake.

Ujana na wito

Westermann alizaliwa tarehe 24 Juni 1875 katika kijiji cha Baden, karibu na mji wa Bremen. Bremen ni bandari ya wafanya biashara, na katika mji huo ndimo yalimokuwa makao ya Misheni ya Ujerumani ya Kaskazini, chama cha Kiprotestanti kilichokuwa kikifanya kazi miongoni mwa Waewe wa Afrika ya Magharibi, katika nchi ambazo leo ni Ghana na Togo. Kijana Westermann alijiunga na misheni hiyo, akapata mafunzo, na mwaka 1900 akapelekwa Togo.

Huko alikuta kazi ya lugha imekwisha anza. Mmisionari Jakob Spieth na wasaidizi wake Waewe walikuwa wakiendelea kufasiri Biblia na kuandika habari za mila za watu. Ila Westermann alikuwa na sikio jepesi kupita kiasi. Alitambua mapema kwamba Kiewe hakiwezi kuandikwa barabara kwa herufi za Kijerumani peke yake. Tuchukue mfano mmoja tu. Katika Kiewe kuna sauti mbili ambazo mgeni husikia zote kuwa "v". Moja hutamkwa kwa meno ya juu na mdomo wa chini, kama "v" yetu katika neno "vita". Nyingine hutamkwa kwa midomo miwili, bila ya meno kuingia kati. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha neno "eve", yaani mbili, na neno "Eʋe", yaani jina lenyewe la Waewe. Mwandishi asiyezitenga sauti hizo mbili ataliandika jina la taifa zima kana kwamba ni hesabu.

Jambo hilo dogo ndilo lililoyageuza maisha yake. Mmisionari aliyekwenda kuhubiri akagundua kwamba kabla ya mahubiri kuna kitabu, kabla ya kitabu kuna tahajia, na kabla ya tahajia kuna sikio. Baada ya miaka michache alirejea Ujerumani, na mwaka 1905 na 1906 alitoa kamusi ya Kiewe, kisha sarufi yake mwaka 1907. Hata leo hakuna mtu anayeichunguza lugha hiyo asiyevigusa vitabu hivyo.

Berlin, na Waswahili wa Berlin

Mwaka 1908 Westermann alianza kufundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, na baadaye akawa profesa wa lugha za Afrika. Hapa ndipo njia yake inapopakana na yetu, maana seminari hiyo ilikuwa ikiwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakienda kutawala Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Walimu wa Kiswahili wa Berlin hatupaswi kuwasahau. Kabla ya Westermann kufika, alikwisha fundisha pale Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten. Kila mwalimu wa Kiswahili anakijua au yafaa akijue kitabu hicho. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, watawala hawakumruhusu kushuka naye. Alirudi Ujerumani, na huko akafia mwaka 1927.

Mwingine ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyeingia askari wa Kijerumani akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Alifika Ujerumani mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, katika mji na fani ambayo Westermann alikuwa mkubwa wake. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Walimtia katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa Berlin jiwe dogo la ukumbusho lenye jina lake.

Habari hizi hatuzitaji ili tumtie Westermann makosa ya watu wengine. Twazitaja kwa sababu historia ya elimu ya lugha za Afrika huko Ulaya imezoea kuwakumbuka maprofesa na kuwasahau wale waliokaa nao mezani wakiwatamkia maneno. Westermann mwenyewe katika jambo hili alikuwa afadhali kuliko wengi wa wakati wake. Mwaka 1938 alitoa kitabu chenye maisha ya Waafrika 11 waliojisimulia wenyewe, toka pande mbali mbali za bara, na miongoni mwao alikuwamo Bonifatius Foli wa Togo, aliyemsaidia katika uchunguzi wa lugha. Hata hivyo, aliendelea kukalia kiti chake katika miaka ya Hitler, na kiti hicho kilikuwa katika mji uleule ambamo mwalimu wa Kiswahili alitolewa akapelekwa kambini. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na hapana moja linalolifuta jingine.

Mhariri wa jarida la "Africa"

Mwaka 1926 iliundwa mjini London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa Lord Lugard, gavana wa zamani wa Nijeria. Nyuma yake walikuwamo watu wa misheni wenye nguvu, kama J. H. Oldham, aliyekuwa mhariri wa International Review of Missions. Westermann alichaguliwa kuwa mmoja wa wakurugenzi wawili, na jarida la taasisi, liitwalo Africa, lilipoanza kutoka Januari 1928, yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake. Aliishika kazi hiyo hadi Vita Kuu ya Pili vilipozuka na kuwatenga Wajerumani na wenzao wa London.

Kazi ya mhariri, wasomaji wa taarifa kama hii wanaijua. Haina sifa nyingi. Mwandishi husifiwa kwa makala mazuri, na mhariri hulaumiwa kwa makosa ya chapa. Westermann aliifanya kwa moyo wa mmisionari: alitaka watawala, walimu, wahubiri na wataalamu wasome ukurasa mmoja. Mwaka 1931 alieleza katika jarida hilo jinsi mmisionari anavyoweza kuwa mchunguzi wa mila za watu anaoishi nao. Mwaka 1937 kilitoka kitabu chake juu ya Afrika na Ukristo. Shauri lake kubwa lilikuwa moja, nalo alilirudia katika kila mlango: mtu hawezi kufikiwa moyoni kwa lugha ya kuazima. Elimu ya mtoto, na imani ya mtu mzima, yapaswa zianze kwa lugha ya nyumbani.

Taasisi hiyo pia ilianzisha mashindano ya vitabu vilivyoandikwa na Waafrika kwa lugha zao. Vile vile ilitoa mwaka 1927 kijitabu kidogo juu ya namna ya kuziandika lugha za Afrika. Kijitabu hicho kilikuwa kazi ya Westermann kwa sehemu kubwa. Ndani yake mlikuwa na alfabeti iliyokuja kuitwa "ya Afrika". Kanuni zake ni nyepesi kueleza: kila sauti yenye kutenganisha maneno ipewe herufi yake, na alama za kuwekwa juu au chini ya herufi ziepukwe kadiri iwezekanavyo, maana mwandishi huzisahau, mpiga chapa huzikosea, na msomaji huzipita. Kwa hiyo badala ya kutia nukta na vistari, zitumike herufi mpya kama ŋ, ɛ na ɔ. Kijitabu hicho ndicho alichokuja nacho Rejaf.

Safari ya Rejaf

Westermann hakuwa mgeni kabisa wa Sudan. Mwaka 1912 alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya Washiluki, lugha yao na hadithi zao, kilichochapishwa na halmashauri ya misheni ya Kanisa la United Presbyterian la Amerika, lililokuwa na kituo miongoni mwa watu hao tangu 1902. Hadithi za Kishiluki zilizomo humo bado zasomwa.

Wala uandishi wa lugha za pande za Juba haukuanza naye. Katikati ya karne ya kumi na tisa wamisionari wa Kikatoliki walikaa Gondokoro, ng'ambo ya pili ya mto, miongoni mwa Wabari. Padre Angelo Vinco alikufa huko mwaka 1853, na mkuu wa misheni, Padre Ignaz Knoblecher, alikufa mwaka 1858 akiwa amerudi Ulaya. Karatasi zao zilimfikia J. C. Mitterrutzner, mtawa wa milima ya Tirol ambaye hakuwahi kuishi Gondokoro. Yeye alizikusanya, akazihariri, na mwaka 1867 akatoa sarufi ya Kibari pamoja na matini na msamiati. Hivyo kitabu kikubwa cha kwanza cha Kibari kilihaririwa Ulaya, kutoka maandishi ya watu waliokwisha kufa kwa homa.

Kufikia 1928 hali ilikuwa ya vurugu. Mapadre wa Verona walikuwa Waitaliano, watu wa Church Missionary Society walikuwa Waingereza, na wale wa kaskazini zaidi walikuwa Wamarekani. Kila mmoja aliandika jinsi alivyozoea kwao. Sauti ambayo Mwingereza huiandika "ch", Mwitaliano huiandika "c" mbele ya "i" na "e". Mtoto aliyejifunza kusoma katika kituo kimoja alikuwa haoni njia katika kitabu cha kituo cha pili, hali lugha ni ile ile ya mama yake. Serikali nayo ilikuwa inataka makarani, na haikutaka kutoa fedha ya vitabu kwa lugha nyingi zisizohesabika.

Mkutano wa Rejaf uliitwa kuyamaliza hayo. Ulikuwa na mambo manne ya kushughulikia: kuzipanga lugha na lahaja katika makundi, kuchagua lugha za kufundishia, kukubaliana juu ya tahajia moja, na kufanya mpango wa kutoa vitabu vya shule. Wajumbe walikuwa maofisa na wamisionari, na walitoka pia nchi jirani za Uganda na Kongo ya Kibelgiji, maana lugha hazijui mipaka iliyochorwa na watawala.

Lugha tisa zilitajwa kuwa zafaa: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishiluki, Kizande, Kikreish, Kimoru na Kindogo. Tahajia iliyokubaliwa ilifuata alfabeti ya Westermann. Ndiyo maana hata leo, mtu akifungua kitabu cha sala cha Kibari, hukuta jina la Mungu limeandikwa "Ŋun", kwa ile herufi yenye mkia. Muda mfupi baadaye serikali ya Sudan ilimwajiri A. N. Tucker awe mtaalamu wa lugha wa kuisimamia kazi hiyo. Tucker huyo ndiye ambaye baadaye aliandika pamoja na E. O. Ashton juu ya matamshi ya Kiswahili. Dunia ya wataalamu wa lugha ilikuwa ndogo wakati ule, na nyuzi zake zote zilikuwa zimeshikana.

Rejaf na Mombasa

Sasa tuilinganishe mikutano miwili. Mombasa, mwaka ule ule, wajumbe walikubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, mchungaji wa zamani wa kanisa la kijijini aliyegeuka kuwa baba wa uchunguzi wa lugha za Kibantu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi.

Tofauti ya kwanza yaonekana katika herufi. Kiswahili hakikuzipokea herufi mpya za London. Tunaandika "ng'ombe" kwa kutumia kitone cha juu, hali Mbari huandika sauti hiyo hiyo kwa ŋ. Mwalimu aliyesahihisha madaftari ya watoto anajua jinsi kitone hicho kinavyosahauliwa, na hapo hana budi akiri kwamba Westermann alikuwa na haki aliposema alama za juu hupotea. Lakini Kiswahili kilipata faida nyingine: mashine yoyote ya kupiga chapa, katika duka lolote la Mombasa au Dar es Salaam, iliweza kukiandika. Herufi ya Kibari ilihitaji mashine maalumu. Usahihi una gharama yake.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mombasa wajumbe walikata shauri juu ya lugha ambayo tayari ilikuwa na watu wengi, biashara, na mashairi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Kazi yao ilikuwa kuchagua lahaja. Rejaf walichagua lugha za kugawana. Ile lugha ambayo watu wa makabila mbali mbali walikuwa wakisemezana sokoni na kambini, yaani Kiarabu cha mitaani ambacho sasa twakiita Kiarabu cha Juba, haikuwekwa katika orodha ya lugha za shule. Sababu haikuwa ya kielimu tu. Januari 1930 Harold MacMichael, Katibu wa Serikali mjini Khartoum, alitoa waraka wa siasa ya kuitenga kusini na kaskazini. Kwa hiyo uamuzi wa Rejaf, ambao kwa Westermann ulikuwa na maana ya kumpa mtoto kitabu cha lugha ya mama yake, kwa serikali ulikuwa na maana ya kujenga ukuta.

Tofauti ya tatu yahusu mwenye mali. Wabari, Wadinka na Wazande hawakuwa wajumbe wa kikao kilichoamua juu ya lugha zao. Na Mombasa je, Waswahili walikuwa wangapi mezani? Washairi wa Lamu na Mombasa walilalamika kwa miaka mingi baadaye kwamba lahaja zao ziliwekwa kando na watu wasiojua kuzitungia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wa 1928 walikuwa na elimu ya vitanda, lakini waliolala juu yake walikuwa wengine.

Yaliyofuata

Vitabu vya Rejaf vilitolewa. Watoto walisoma kwa Kibari, kwa Kidinka, kwa Kizande, na wengine wao wakawa walimu, wachungaji na viongozi wa nchi. Lakini ukuta uliojengwa kwa siasa ulibomolewa kwa siasa. Juni 1947 ulifanyika mkutano wa Juba, ambamo ilielekezwa kwamba kusini na kaskazini zitabaki nchi moja. Baada yake Kiarabu kiliingizwa katika shule za kusini. Mwaka 1955 askari wa Torit waliasi. Mwaka 1957 serikali ilizitwaa shule za misheni, na mwaka 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa kusini. Vitabu vya lugha za nyumbani vilibaki mikononi mwa makanisa, vikasomwa katika vijiji na katika kambi za wakimbizi.

Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalileta nafuu. Katika miaka ya 1970 kilianzishwa huko Maridi chuo cha lugha za kusini, na kazi ya vitabu ikashikwa tena. Vita vilirudi mwaka 1983. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa taifa huru, na katiba yake ya mpito ikasema kwamba lugha zote za asili za nchi ni lugha za taifa, na Kiingereza ni lugha ya kazi za serikali. Mwaka 2016 nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapo Kiswahili, kilichokuwa tayari kimefika Juba midomoni mwa wafanya biashara, madereva na wakimbizi waliorudi kutoka Kenya na Uganda, kikapata mlango rasmi wa kuingilia.

Westermann hakuyaona mengi ya hayo. Alikufa tarehe 31 Mei 1956, huko huko Baden alikozaliwa. Uchunguzi wake wa lugha za Afrika ya Magharibi ulikwisha onyesha kwamba lugha hizo zina undugu na za Kibantu, jambo ambalo Mmarekani Joseph Greenberg alilijengea hoja kubwa baadaye. Msomaji ajionee mwenyewe: Mwewe akihesabu tatu, nne na tano husema "etɔ̃, ene, atɔ̃". Aliyewahi kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kiswahili hahitaji profesa wa kumwambia kuna jambo hapo.

Fundisho kwa walimu

Tumpime vipi mtu huyu? Wapo watakaosema kwamba alikuwa mtumishi wa ukoloni, na hawatakosa ushahidi: aliwafundisha maofisa, akakaa na magavana, na shauri lake lilitumiwa na serikali iliyokuwa na nia yake mbali. Wapo watakaosema alikuwa rafiki wa lugha za Afrika wakati wakubwa wengi wa Ulaya walipoziona kuwa kelele tu. Nao hawatakosa ushahidi. Maoni yangu ni kwamba alikuwa mhariri mwema aliyedhani kuwa tahajia njema yatosha. Alisikia tofauti ya midomo miwili na meno, na hakuna aliyemzidi katika hilo. Hakusikia vya kutosha sauti ya yule ambaye hakuitwa mkutanoni.

Jambo hili linatupasa sisi leo. Walimu wa Kiswahili wanatakiwa Juba, na wengine watakwenda. Tutafika tukiwa na vitabu vyetu, sarufi yetu na kiburi kidogo cha lugha iliyokua. Methali yetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Westermann alikuwa mgeni wa namna hiyo kwa nia yake, na hata hivyo mwenyeji hakupona kama ilivyotarajiwa, kwa sababu dawa ilichanganywa bila ya kumwuliza anaumwa wapi. Kiswahili kikiingia Juba kwa kusaidia jirani kuzungumza na jirani, kitapokewa. Kikiingia kwa kukisukuma Kibari nje ya darasa la kwanza, au kwa kukidharau Kiarabu cha Juba ambacho watu wamejitengenezea wenyewe, kitakuwa kimerudia kosa la 1928 kwa kalamu nyingine.

Mwalimu atakayepangiwa kazi huko, basi, na aanze kwa kujifunza kuiandika herufi ile yenye mkia. Haimo katika vitabu vyetu, lakini ndiyo inayoanza jina la Mungu kwa Wabari, na mwanafunzi wake wa kwanza pengine ataangalia kama mwalimu aliyetoka mbali anaijua.